Cha Wino na cha Penseli

Ugomvi mkubwa kuliko yote tuliowahi kuwa nao mezani ulikuwa wa kisima. Kisima chenyewe hakipo. Kingekuwepo tungekwenda kukichungulia yakaisha. Kilikuwa ndani ya mahame tuliyoyatunga sisi wenyewe, mji wa mawe uliomezwa na msitu, katika mchezo wa dadu na hadithi tunaoucheza Kilifi kila Jumamosi baada ya magharibi. Mwezi wa tatu wa mchezo, mimi msimulizi nilisema kisima kile kimekauka tangu enzi za mababu na ndani yake anakaa jini. Mwezi wa saba, watu wamechoka, mchezaji mmoja akateremsha ndoo, nami nikamwambia maji ni baridi na matamu. Akanywa. Mwenzake aliyekaa karibu na dirisha akaweka dadu chini taratibu. "Kaka, hayo maji yametoka wapi?"

Tulibishana mpaka mahamri yakaisha kwenye sahani. Hakuna aliyekuwa na maandishi. Kila mmoja alikuwa na kumbukumbu yake, na kila kumbukumbu iko tayari kula kiapo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nasi miaka yote tulidhani wanazungumzia duka.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: watu wanne watano hukaa pamoja, kila mmoja akibeba mhusika wake, baharia au mganga au binti wa mfalme aliyekimbia harusi. Mmoja wao ni msimulizi, ndiye anayesema nani yuko mlangoni na kama mvua inanyesha. Dadu huamua kama upanga umempata adui au umekata hewa. Mchezo wa umbo hili ulianza kuuzwa Marekani mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa Dungeons & Dragons, lakini mtu aliyekulia pwani haoni ugeni mkubwa. Bibi akisema "Hadithi, hadithi" mkajibu "Hadithi njoo", mmeshaingia mkataba wa namna hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba hadithi ya bibi huisha usiku ule ule. Yetu inakwenda mwaka mzima, watungaji ni watano, na kila mmoja ana haki ya kukumbuka.

Watu wengi wakishaumwa na kisima kama chetu hukimbilia dawa mbaya: hukaa chini wakaandika kila kitu. Nami nilifanya hivyo. Niliandika nasaba ya masultani kumi na wanne, vita vyao, wake zao, ushuru waliotoza bandarini. Kurasa zilijaa daftari zima la shule. Hakuna aliyezisoma. Baya zaidi, mimi mwenyewe nilizisahau, kwa hiyo sasa nikawa na vinywa viwili vya kukinzana, kimoja changu cha mezani na kingine changu cha daftarini.

Kilichotuokoa ni kalamu mbili. Jambo lolote lililotokea mbele ya macho ya wahusika, au lililoamuliwa na dadu, huandikwa kwa wino. Halifutwi, hata likituudhi. Jambo jingine lolote, yaani alilosema mzee sokoni, lililochongwa juu ya kaburi, alilodai kuhani, huandikwa kwa penseli, na pembeni yake huandikwa jina la aliyesema. Sharti ni hilo moja: hakuna neno la penseli lisilo na mdomo. Mimi msimulizi nikisimulia habari za kale, lazima niseme nazisimulia kwa kinywa cha nani. Nikishindwa kumtaja, basi nanyamaza.

Lirudishe sasa kwenye kisima. Maji yalinyweka mbele yetu sote: wino. "Kimekauka, kuna jini" alisema nani? Tulipokumbushana vizuri, alikuwa mchukuzi wa pale langoni, mtu aliyekuwa akilipwa na wahusika kuwabebea mizigo na ambaye hakutaka kabisa kuingia mle ndani. Huyo ana kila sababu ya kusema kuna jini. Ugomvi wa usiku mzima ungekwisha kwa swali la maneno mawili: nani kasema?

Swali hilo sikulivumbua mimi. Ukiishi kati ya Kilifi na Malindi unaishi juu yake. Chukua rubani wa mwaka 1498. Vasco da Gama alifika Malindi mwezi wa Aprili, akapewa rubani, akang'oa nanga tarehe 24, na mwezi uliofuata alikuwa Calicut. Hayo yana wino. Pande zote zinakubaliana. Sasa uliza rubani alikuwa nani. Wengi tuliambiwa shuleni ni Ahmad ibn Majid, bingwa wa bahari kutoka Julfar, ile ambayo leo iko Ras al-Khaimah. Lakini habari za baharini zilizoandikwa na mmoja wa watu wa msafara ule zinamtaja Mkristo bila jina. João de Barros, aliyeandika miongo kadhaa baadaye, anamtaja Mwislamu wa Gujarati aitwaye Malemo Cana. Jina la Ibn Majid linatokana na mwandishi wa Makka wa karne ya 16, Qutb al-Din al-Nahrawali, na wataalamu wengi wa leo hawalikubali. Midomo mitatu, marubani watatu, safari moja. Je, historia ya Malindi imeharibika? Haikuharibika. Imekolea. Mchezaji anayependa kuuliza maswali angeweza kutumia Jumamosi sita kumtafuta rubani yule, na kila mlango angeugonga ungefunguka.

Au mchukue Mekatilili wa Menza. Kwamba aliwaongoza Wagiriama dhidi ya Waingereza, kwamba alikamatwa mwaka 1913, kwamba alipelekwa mbali upande wa magharibi na kwamba alirudi nyumbani, hayo humsikii mtu akiyabishia. Ila alipelekwa wapi? Maandishi ya serikali ya kikoloni yanataja gereza la Kisii na kutoroka Januari 1914. Masimulizi mengine yanataja Mumias, na kurejea baada ya miaka mitano. Angalia kilichosimama imara: uti wa mgongo. Angalia kinachohama: mahali na hesabu ya miaka. Ulimwengu wa mchezo ukiutunza hivyo, uti wa mgongo kwa wino na nyama kwa penseli, hautakatika hata msimulizi akiwa na usingizi.

Lakini yapo mambo ambayo hayavumilii penseli hata kidogo, na hapa ndipo ningependa tukae.

La kwanza ni safari. Wachezaji husahau jina la mfalme, hawasahau kwamba mara ya kwanza walitumia siku tatu kutoka bandari hii mpaka ile na mara ya pili wametumia usiku mmoja. Wakishaliona hilo, bahari yako imekwisha. Inakuwa mlango wa chumba cha pili. Dawa iko nje ya dirisha lako. Pwani hii ina pepo mbili. Kaskazi huvuma kama Desemba mpaka Machi na ndiyo iliyoleta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi. Kusi hushika kama Aprili na kuyarudisha, na katikati yake bahari huchafuka hata wavuvi wakavuta vyombo vyao pwani. Msafara ule ule wa 1498 ni funzo zuri. Kwenda, ulitumia siku chini ya thelathini kwa kuwa rubani alijua upepo. Kurudi, haukungoja msimu. Ulitoka pwani ya India mwanzoni mwa Oktoba ukaingia Malindi Januari 7, 1499, miezi mitatu baharini, mabaharia wakifa kwa kiseyeye hata ikabidi jahazi moja, São Rafael, lichomwe moto kwa kukosa watu wa kuliendesha. Bahari ni ile ile. Kilichobadilika ni mwezi.

Kwa hiyo msichore ramani kwanza. Andikeni upepo kwanza. Ukurasa wa mbele wa daftari letu una mistari minne tu: miezi ya kwenda, miezi ya kurudi, miezi ya kukaa nchi kavu, na kiasi cha siku kati ya bandari zetu tano kwa kila upepo. Tangu tuandike mistari hiyo hakuna aliyebisha habari ya safari, na tumepata faida ambayo hatukuitafuta. Mfanyabiashara akikwama bandarini kwetu kungoja kusi, ana miezi mizima ya kuoa, kukopa, kugombana na kufanya ujinga. Nusu ya visa vyetu vizuri vimetoka kwa watu waliokuwa wakingoja upepo.

La pili ni hesabu ya siku. Mnaposema "usiku wa Ijumaa" mnamaanisha upi? Kwetu siku huanza jua likichwa, kwa hiyo usiku wa Ijumaa ni ule wa kuamkia Ijumaa. Mchezaji wetu mmoja aliyelelewa Nairobi aliuelewa kuwa usiku baada ya Ijumaa, na mhusika wake akafika kwenye mauaji akiwa amechelewa siku nzima. Tulicheka, lakini maiti ilikuwa imeshazikwa. Chagueni hesabu moja mapema. Vielelezo mnavyo: mabaharia na wakulima wa pwani walihesabu mwaka wa jua kuanzia Nairuzi kwa miongo, yaani siku kumi kumi, miongo 36 na siku tano za kufungia mwaka. Wamijikenda wana juma la siku nne ambamo Jumwa ndiyo siku ya kupumzika. Sisi tulichukua juma la siku nne, kwa sababu ya uvivu. Siku nne mtu anazikumbuka.

La tatu, majina. Desturi ya Wagiriama ya kumpa mjukuu jina la babu ni nzuri sana kwa ukoo na ni balaa kwa daftari. Tuliiga, na baada ya mwaka tukawa na watu watatu wa jina moja, mmoja hai, mmoja marehemu, mmoja mzimu. Hatukuiacha desturi, tungekuwa wajinga kuiacha, bali tukaamua kwamba hakuna jina linaloingia daftarini peke yake. Huingia na la baba, kazi na mahali. Wazee walilijua hilo kabla yetu. Ndiyo maana mtu ni fulani wa fulani.

Na vifo. Aliyekufa kwa dadu amekufa kwa wino. Msimrudishe kwa sababu mlimpenda.

Mengineyo, waachieni wanadamu wa ulimwengu wenu wabishane. Dunia iliumbwaje, miungu ni wangapi, kabila fulani lilitoka wapi, mji wa mahame ulihamwa kwa nini: msimulizi mwenye busara hajibu. Huku kwetu simulizi ya Singwaya inasema Wamijikenda walishuka kutoka kaskazini. Wapo wanahistoria wanaoishika na wapo wanaoitilia shaka, na hakuna mzee aliyeacha kuisimulia kwa sababu ya mabishano yao. Gede nayo iko kilomita kama 16 tu kusini ya Malindi. James Kirkman alianza kuichimbua mwaka 1948 na akakuta kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijra, sawa na 1399. Msikiti mkubwa, jumba la mfalme, visima, vyombo vya kauri vya Kichina. Hata hivyo Wareno waliokaa Malindi karne ya 16 hawakuandika habari zake. Walikaa jirani, wakanyamaza. Sababu za kuhamwa kwake zinatajwa nyingi, maji kupungua visimani, mashambulizi, biashara kugeukia kwingine. Ukiwa msimulizi, ukimya wa namna ile ni hazina. Usiuzibe kwa kurasa sitini. Weka penseli tatu juu yake, kila moja na mdomo wake, kisha subiri uone mchezaji gani atauma.

Ningeongeza tahadhari moja ambayo ni nusu ya kimchezo na nusu ya adabu. Kuna kishawishi cha kuchukua kaya za kweli, yaani misitu mitakatifu ya Wamijikenda, na mafingo yake, hirizi zilizofukiwa humo, na vigango, nguzo za kuwakumbuka wafu, na kuvifanya mapambo ya hadithi. Mchezaji wetu aliwahi kutaka mhusika wake aibe nguzo ya kuchongwa kutoka makaburini akaiuze. Nikamwambia jambo hilo limeshafanywa na watu halisi: vigango viliibwa vijijini vikaishia kwenye majumba ya makumbusho Marekani, na mwaka 2023 jumba la makumbusho la jimbo la Illinois lilirudisha Kenya vigango 37. Kwenye ulimwengu wetu makaburi ni ya kubuni kabisa, hayana majina ya kweli, na sheria yake imeandikwa kwa wino: anayechukua kitu cha marehemu hafanikiwi na chochote mpaka akirudishe. Sheria hiyo imemshika yule kijana mara moja na imenishika mimi mara mbili. Sheria ya uchawi ikimkwepa msimulizi, wachezaji huijua haraka.

Sasa habari ya meza mbili. Tunao wenzetu Malindi wanaocheza katika ulimwengu huu huu, mwendo wa kama kilomita 60 kutoka kwetu, na mwanzoni kila upande uliharibu kazi ya mwenziwe. Wao walimwua gavana ambaye sisi tulikuwa tukila naye chakula. Tulijaribu kuelezana kila kitu kwa ujumbe wa sauti kwenye simu, dakika arubaini kila Jumapili, mpaka watu wakaanza kuusikiliza wakiosha vyombo na hatimaye wakaacha kuusikiliza.

Dawa tuliyoipata ni ya kikwetu kabisa. Kila meza ina upande wake wa ghuba, na ndani ya upande wake wino ni wake. Habari kutoka upande wa pili haivuki kama wino. Huvuka kama habari za jahazi: mtu kafika, kasikia, kasimulia. Huingia kwa penseli, ikiwa na mdomo wa nahodha au mpishi wa chomboni, na huchelewa kadiri upepo unavyochelewa. Gavana kafa? Sisi tulisikia kafa kwa homa, halafu tukasikia kauawa, halafu akatokea mtu aliyeapa kamwona Lamu. Mpaka wahusika wetu wavuke wenyewe wakaone kaburi, kwetu ni penseli. Uzuri wake ni kwamba wenzetu wakikosea kutuelezea, au sisi tukikosea kusikia, kosa halivunji chochote. Linakuwa uvumi, na uvumi ni kitu cha kawaida bandarini.

Kwa sababu hiyo hiyo, muhtasari wa kuanzia usiku hautoki kwangu siku hizi. Mchezaji mmoja kwa zamu husimulia yaliyopita kwa kinywa cha mhusika wake. Baharia husimulia akijitukuza, mganga husimulia akilaumu. Wengine humrekebisha, na pale wote wanapokubali ndipo naangalia kama wino wangu unasema hivyo. Mara nyingi hausemi. Wakikubaliana wanne dhidi ya daftari juu ya jambo dogo, rangi ya mlango, jina la punda, naifuata meza na kulisahihisha daftari, ndiyo ruhusa pekee ya kuugusa wino, kwa kuwa ulimwengu uko vichwani mwao kuliko ulivyo kwenye karatasi. Juu ya jambo kubwa, daftari hushinda. Nani huamua dogo na kubwa? Aliyeandaa chai. Msicheke, nyumba yoyote ina kadhi wake.

Hata hivyo mtakosea. Kosa likitokea katikati ya mchezo msisimamishe usiku mzima kama tulivyofanya sisi. Amueni kwa dakika mbili, wekeni alama daftarini, songeni mbele, kisha tafuteni kinywa cha kulibeba kosa. Mfano bora niujuao si wa mchezo. J. R. R. Tolkien alipoanza kuandika kitabu chake kikubwa aligundua kwamba pete iliyopatikana kwa wepesi katika The Hobbit ya mwaka 1937 haiwezi tena kupatikana vile. Akaibadilisha sura ile katika toleo la 1951. Ila hakujifanya kwamba toleo la kwanza halikuwahi kuwepo: alieleza kwamba ile ya mwanzo ilikuwa hadithi ya uongo aliyoisimulia Bilbo mwenyewe, kwa sababu pete ilikuwa imeshaanza kumshika. Kosa la mwandishi likageuka kuwa dhambi ya mhusika. Mimi hiyo naiona ni ufundi mkubwa kuliko ramani zake zote, ingawa najua wapo watakaoninunia.

Sisi kisima chetu tulikitengeneza hivyo hivyo. Mchukuzi aliongopa juu ya ukame, hilo tumeliafiki. Juu ya jini bado hatujaafikiana. Aliyekunywa maji yuko salama mpaka sasa, ila tangu usiku ule dadu zake za majini zinaanguka vizuri kupita kiasi, na yule mwenzake wa dirishani anazihesabu. Juzi ukaja ujumbe kutoka Malindi: mpishi wa jahazi la huko anadai amemwona mtu asiye na kivuli sokoni akinunua samaki, nguo zake zinachuruzika maji. Nimeandika kwa penseli, na pembeni: mpishi, amelewa.